Naombeni ushauri: kati ya uhandisi wa magari na kompyuta, nisome ipi Japani?

Kijana wa Kirumba
Habarini wakuu. Nimepata nafasi ya kwenda kusoma Japani mwezi wa kumi mwaka huu. Form six nilisoma PCM. Mimi injini ndiyo iko damuni, ila kila ninayemuuliza ananiambia kompyuta ndiyo yenye ajira. Niko njia panda, usiku silali. Mliosoma huko, ipi inalipa? Nahitaji majibu kabla ya Ijumaa.

Fundi Gereji
Magari, wala usiulize mara mbili. Mwaka wa 11 huu nafungua injini za Kijapani hapa Buguruni. Ukifika niangalizie IST ya mnadani, nyeupe, isiyo na kutu chini.

Mama Wawili
Mwanangu hongera. Ila mbona hutaji chuo?

Osaka Zamani
Nami nauliza hilohilo. Barua uliyonayo imetoka chuo gani, na utafundishwa kwa lugha gani? Kozi inategemea majibu hayo.

Kijana wa Kirumba
Wakala amesema lugha haina shida. Naanza na shule ya lugha mwaka mmoja, kisha naingia chuo moja kwa moja. Swali langu ni kozi tu, wakuu.

Osaka Zamani
Hiyo "moja kwa moja" haipo, mdogo wangu. Shule ya lugha inakufundisha Kijapani, chuo hawakupi. Ukimaliza, vyuo vingi vinadai matokeo ya EJU, mtihani wa Juni na Novemba unaopima Kijapani, hisabati na sayansi, fizikia ikiwemo. Kwa Kijapani, lenga angalau N2 kwenye mtihani wa lugha wa JLPT, na ngazi zake huanzia N5 chini hadi N1 juu. Kanji, yaani herufi zao zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida peke yake ni 2,136.

Kama moyo uko kwenye magari, Chuo Kikuu cha Nagoya kina programu za Kiingereza zinazoitwa G30, na uhandisi wa magari umo. Masomo huanza Oktoba. Ni mkoa wa Aichi, uliko mji wa Toyota wenyewe. Ila unaomba mwenyewe, na ushindani ni mkali.

Mzee wa Busara
Vijana mnakimbia nchi yenu. VETA wanafundisha magari vizuri kabisa. Enzi zetu mtu alisoma shule ya ufundi Ifunda na akaheshimika.

Mama Wawili
Mzee, kijana hajauliza hilo. Ada nani analipa?

Kijana wa Kirumba
Nitajilipia. Wanafunzi wanaruhusiwa kufanya kazi. Kuna jamaa anatuma hela nyumbani kila mwezi.

Osaka Zamani
Mwisho ni saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali. Saa moja ni yeni elfu moja na ushee, kwa hiyo mwezi mzima ni kama yeni laki na ishirini. Toa chumba, chakula, umeme wa majira ya baridi. Ada ya kawaida ya chuo cha serikali ni yeni 535,800 kwa mwaka, na kiingilio 282,000. Shule za lugha nyingi huwa ghali zaidi ya hapo.

Mimi nilifanya kiwanda cha vyakula, saa nne usiku hadi alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuweka kipande cha yai juu ya wali, boksi moja baada ya jingine, mkanda hausimami. Saa tatu asubuhi niko darasani, naona herufi zinaogelea. Kilichonipa moyo ni kwamba Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili. Siku niliyoamkiwa "shikamoo" na binti wa Kijapani, nilitokwa machozi pale pale.

Pwani Raha
Wadau, hii ni chai. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa kwanza huyuhuyu alikuwa anauza bodaboda hapa, akasema ana mke na mtoto. Leo amekuwa mwanafunzi wa form six.

Fundi Gereji
Duh. Mleta mada njoo ujibu.

Kijana wa Kirumba
Siyo chai. Sijasema nimemaliza mwaka huu. Nilimaliza 2022. Mke ninaye, mtoto ana mwaka na miezi minne. Boda niliuza milioni 1.9, mke akatoa milioni 1.1 za kikoba, tukampa wakala milioni tatu. Ijumaa anataka nne nyingine. Sikuandika kwa sababu nilijua mtanicheka. Nisingekuwa na mpango nisingeuza boda iliyokuwa inatulisha.

Pwani Raha
Nisamehe, kaka. Usilipe Ijumaa.

Kijana wa Kirumba
Nikiacha, hizo tatu zimekwenda. Mkataba umeandika ada ya huduma hairudishwi.

Mama Wawili
Tatu zimeuma, mwanangu. Nne bado ziko mkononi mwako. Mkeo anajua kuwa hiyo ni shule ya lugha?

Kijana wa Kirumba
Anajua ni chuo.

Osaka Zamani
Mwambie leo. Halafu nisikilize: kuna ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, unaombwa kupitia ubalozi na fomu hailipiwi. Shahada ni miaka mitano, wa kwanza ni wa lugha. Wanalipa ada, tiketi na posho ya yeni 117,000 kwa mwezi. Kwa uhandisi wa mitambo unafanya hisabati, fizikia na kemia, yaani PCM yako hiyohiyo, pamoja na Kiingereza na Kijapani. Ila siku masomo yanapoanza Aprili uwe hujafikisha miaka 25. Umezaliwa lini?

Kijana wa Kirumba
9 Aprili 2002.

Osaka Zamani
Kwa wanaoanza Aprili mwakani bado umo ndani ya umri, ila kwa wiki moja tu. Huu ndio mwaka wako wa mwisho. Kuanzia sasa chungulia tovuti ya ubalozi kila siku, na vyeti viwe tayari.

Kijana wa Kirumba
Cheti changu cha form six kiko kwa mama, Sengerema. Kesho navuka kukifuata. Mke wangu amekaa hapa pembeni, nimempa simu anasoma tangu juu.