Ulinganisho: Zoom F3 na bumu, seti ya wayalesi, au H4n ya mkononi kwa filamu fupi?

Chumbageni_Picha (Tanga)

Wakuu, habari za muda huu. Tunaandaa filamu fupi ya dakika kama 20 hapa Tanga na mazungumzo ndiyo filamu yenyewe. Wahusika ni watatu: mama, binti na mjomba. Nyumba ni ya vyumba viwili, imeezekwa bati, haina dari. Kuna sini mbili ufukweni, upande wa Raskazone. Kamera ni Sony a6400.

Bajeti ya sauti haizidi milioni mbili na nusu, na humo humo kuna nauli ya mzigo kutoka Dar. Nimebaki na njia tatu:

1. Rekoda ya Zoom F3, maiki ya Sennheiser MKE 600, fimbo ya bumu (ya kuning'iniza maiki juu ya mwigizaji) na manyoya ya kuzuia upepo.
2. Seti ya wayalesi (isiyo na waya) ya Rode Wireless Pro, transmita mbili na maiki zake za kifuani, moja kwa moja hadi kwenye kamera.
3. Jamaa anauza rekoda ya Zoom H4n Pro iliyotumika pamoja na maiki ya Rode NTG2 kwa bei ya kutupwa. Chenji inayobaki nanunulia taa.

Mngekuwa ninyi mngechukua ipi? Mpwa wangu ndiye atakayeshika bumu, mikono anayo ila uzoefu hana.

Mzee_wa_Faili (Dar)

Mkuu, namba moja, usipoteze muda. F3 inarekodi biti 32 za floti tu (sauti ikipanda ghafla haipasuki), haina hata kitufe cha geini, yaani cha kukuza sauti. Mama akinong'ona sawa, mjomba akifoka sawa. Ukifika kwenye uhariri unaona mawimbi yamegonga dari, unashusha, sauti inarudi nzima. Kwa mtu asiye na fundi sauti hii ni mkombozi. Ile H4n inaishia biti 24, mjomba akipandisha hasira ghafla umekwisha.

Usiogope ukubwa wa faili. Kwa kHz 48, traki moja ya biti 32 ni kama MB 690 kwa saa. Traki mbili hazifiki GB moja na nusu. Kadi ya GB 32 unapiga siku nzima na inabaki.

BiSauti (Dar)

Mzee wa Faili, kwenye geini nakubaliana na wewe. Kwenye "mkombozi" hapana, maana vijana wanasoma hivyo wanadhani kazi imekwisha.

Biti 32 zinakulinda na kosa moja tu: kuweka geini vibaya kwenye rekoda. Maiki ikiwa mbali, iko mbali. Upepo ukiipiga kapsuli (kile kichwa cha maiki kinachopokea sauti), faili litahifadhi huo upepo kwa uaminifu mkubwa. Bodaboda ikipita katikati ya neno, utaipata bodaboda yote, haijakatika popote. Ninazoletewa nisafishe siku hizi ni faili za floti ambazo hazijapasuka hata kidogo na bado hazitumiki, kwa sababu maiki ilikaa juu ya kamera, mita tatu kutoka kwenye mdomo.

Ukiisogeza maiki kutoka mita moja hadi nusu mita, sauti ya mhusika inapanda desibeli 6 hivi, na kelele za chumba zinabaki pale pale. Hakuna rekoda itakayokupa hizo 6 bure. Kwa hiyo, Chumbageni, mimi pia nasema namba moja, lakini kwa sababu ya ile fimbo. F3 ingekuwa ya mwisho kwenye orodha yangu ya sababu.

Sasa tatizo lako halisi: nyumba ya bati bila dari. MKE 600 ni shotigani, ina lile bomba refu lenye matundu ubavuni. Bomba hilo linafanya kazi kwa kufutanisha sauti zinazoingia kwa pembeni. Nje ni zuri. Ndani ya chumba kidogo, sauti ya mhusika inagonga ukuta na bati inarudi kwa pembeni, bomba linaifuta nusunusu, na unachosikia ni mtu anayeongea ndani ya pipa. Ndiyo maana wenye pesa zao wanatoka na shotigani ya MKH 416 nje, wakiingia ndani wanabadili kwenda MKH 50 ya superkadioidi au maiki fupi ya haipakadioidi (zote zinasikiliza zaidi mbele, bila bomba refu). Ya bei nafuu zaidi ni Oktava MK-012 yenye kapsuli ya haipakadioidi, ila hiyo hata mlango ukifungwa kwa nguvu inatikisika, na upepo haiutaki kabisa.

Huna bajeti ya maiki mbili, najua. Basi kifanye chumba kiwe kimya. Mablanketi mazito, magodoro nyuma ya kamera, mkeka sakafuni hata kama hauonekani kwenye picha. Ukiweza kufunga blanketi juu kwenye kenchi, nje ya fremu, utashangaa.

Forodhani_Mic (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Bi Sauti kamaliza ya ndani, niseme ya pwani.

Kwanza upepo. Mnapiga mwezi gani? Kama ni kusi limekolea, ufukweni mchana hapafai, na lile sponji linalokuja na maiki ni pambo. Manyoya ni lazima, na ukiweza pata kile kizimba cha plastiki ambacho maiki inaning'inia ndani yake, halafu manyoya yanavishwa juu. Washa na swichi ya kukata besi kwenye MKE 600, ipo ubavuni. Sini za ufukweni zipigeni asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Pili unyevu. Maiki nyingi za kondensa (aina nyeti inayotumia umeme) huku kwetu zinaanza kupasukapasuka kama mahindi kikaangoni, hasa ukiitoa kwenye gari lenye kiyoyozi ukaileta nje ghafla. MKH 416 imepata jina kwa hilo: kapsuli yake inaendeshwa kwa mkondo wa masafa ya redio, unyevu hauisumbui sana. Ukiipata ya mkono wa pili iliyo nzima, inunue hata kama rekoda itabidi uazime. MKE 600 si mbaya, ila itunze: kisanduku kinachofunga vizuri, vipakiti vya silika ndani, na usiitoe mpaka izoee joto la nje.

Rekoda_Ronga (Nairobi)

Niwatetee kidogo watu wa wayalesi, maana naona namba mbili imepitwa kama haipo.

Mpwa hana uzoefu. Kushika bumu si kushika fimbo. Unajifunza mazungumzo kama mwigizaji, unajua mama anamaliza lini ndipo unageuza maiki kwa binti, kivuli kisiingie ukutani, mikono isitetemeke. Mwanafunzi akichelewa kugeuza, nusu ya sentensi imepotea. Maiki ya kifuani haichelewi. Wireless Pro kila transmita inajirekodia yenyewe ndani, biti 32 floti, hivyo hata mawimbi yakikatika bado unalo faili.

Mipaka yake: ni GHz 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi, na mwili wa binadamu unayazuia. Mwigizaji akigeuka, transmita ikiwa mgongoni, inakatika. Na transmita ni mbili, wahusika ni watatu.

Halafu mtu asije akakushawishi ununue seti ya wayalesi ya UHF (masafa mengine ya redio) iliyotumika kutoka ng'ambo bila kusoma herufi ya bendi. Kwa Sennheiser G4, bendi ya C ni MHz 734 hadi 776, na huko kwenye 700 sasa ndiko mitandao ya simu ilikohamia baada ya televisheni kwenda dijitali. Ndiyo maana zinauzwa rahisi. Na masafa yoyote ya UHF waulize kwanza mamlaka ya mawasiliano: kwetu ni CA, kwenu TCRA.

BiSauti

Ronga, hoja ya mpwa ni nzito. Lakini umesahau nguo. Mama wa Tanga atavaa kanga, binti amevaa dera au baibui. Kitambaa kikisugua maiki kifuani ni hasara ambayo huioni kwenye skrini, unaisikia nyumbani. Inafichika, ndiyo, kwa tepu ya kitabibu na kakipande ka manyoya, lakini nao ni ufundi unaotaka mazoezi kama bumu. Na sini ya binti kumkumbatia mama hapo imekwenda.

Jambo jingine kuhusu namba mbili: a6400 haina tundu la hedifoni. Unaweza kusikiliza kwenye risiva, lakini hapo unasikia kinachoingia, husikii kamera imekifanya nini. Ndiyo maana sipendi sauti kuu ikae kwenye kamera hiyo.

Mkunguni (Dar)

Mimi ni mtayarishaji, nitasema ambalo hamtalipenda. Filamu ya dakika 20 ni siku chache za kazi. Kwa nini ununue? Mchukue fundi sauti mwenye vifaa vyake, umlipe kwa siku, umpandishe basi aje Tanga. Anakuja na rekoda ya MixPre, shotigani, maiki ya ndani, wayalesi nne na masikio. Masikio huwezi kuyanunua Kariakoo.

Mzee_wa_Faili

Mkunguni, na malazi? Na chakula? Na siku ya mvua ambayo mmekaa tu mnatazamana? Huko Dar mna mafundi, mikoani mtu akinunua chake anajifunza na filamu inayofuata anacho.

Mkunguni

Ndiyo, na filamu hii ndiyo shule. Sawa. Mwenye pesa kaamua kununua, mimi naheshimu. Ila aweke akiba ya dabingi, yaani kurekodi upya mazungumzo studio.

Chumbageni_Picha

Ahsanteni sana wakubwa. Namba tatu hakuna anayeitetea? Maana bei yake inanitoa udenda.

Forodhani_Mic

Mdogo wangu, NTG2 haitoi nguvu nyingi, na H4n ukiipandishia geini inakuimbia "shiii". Kila kimoja peke yake si kibaya, wawili hao ndio hawapatani kwenye mazungumzo ya sauti ya chini. Kama filamu ingekuwa ya watu kugombana sokoni ningekwambia chukua.

Chumbageni_Picha

Nimeelewa. Basi nimeegemea namba moja. Bi Sauti, tafadhali, nipe utaratibu wa siku ya kwanza. Mpwa anasoma hapa pia.

BiSauti

Mpwa, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Kaa hivi.

Bumu lije kwa juu, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni, maiki ielekee kifuani kidogo, si paji la uso. Muulize mpigapicha akuoneshe ukingo wa fremu, ushuke mpaka umwone anakunja uso, kisha upande kidogo. Hedifoni zifunike masikio yote, usivue hata moja kumsikiliza mwongozaji. Sini ya watu watatu usijaribu kuwafukuzia wote: mnaporudia kwa kamera ya karibu, mfuate aliye kwenye picha tu.

Waya uzungushe kwenye fimbo uwe umekaza, ule mkia unaogonga ndio "tu tu tu" inayosikika kila ukisogea. Fantomu volti 48 (umeme ambao rekoda inaipa maiki kupitia waya) iwashwe kwenye F3. Inakula betri ndogo haraka, kwa hiyo ning'iniza power bank kwenye USB-C.

Kamera na rekoda zote ziwe kHz 48. Kamera iendelee kurekodi sauti yake mbovu, hiyo ndiyo ya kulinganishia. Piga klapa (kile kibao cha kugonga) mbele ya kamera kila teki, sema namba kwa sauti. Ukisahau, piga mwishoni na klapa ikiwa kichwa chini.

Nyumba: zima friji, na funguo za pikipiki weka ndani ya friji hilo hilo, hutaondoka umeliacha limezimwa samaki waoze. Bati lenyewe litalia jua likitoka na kujificha, tak tak, hilo huwezi kulizuia. Sini za kunong'ona zipigwe asubuhi au baada ya jua kuzama. Adhana jueni saa zake na msianze teki dakika tano kabla, kwa sababu sini moja ikikatwa vipande vipande na adhana ikawa kwenye kimoja tu, mhariri atalia. Kunguru sijui niwaambie nini. Kila chumba mkimaliza, watu wote wanyamaze, rekodi ukimya wa chumba kile kwa dakika nzima na watu wakiwa humo humo ndani.

Ukienda ufukweni, mawimbi yarekodi peke yake kwenye faili tofauti. Na mazungumzo yakishindikana kwa upepo, msihangaike: mara tu baada ya teki, waigizaji waende nyuma ya ukuta au ndani ya gari lililozimwa, waseme maneno yale yale kwa kasi ile ile mara mbili, bila kamera. Pumzi bado ni ile ile. Mwezi mmoja baadaye studio hutaipata.

Rekoda_Ronga

Hiyo ya gari naiiba.

Chumbageni_Picha

Bi Sauti, Mungu akuzidishie. Naagiza F3 na MKE 600 wiki hii. Fimbo bado, madukani wana zile fupi za alumini tu, na mpwa ni mfupi. Kuna mwenye ya mita tatu anayeiuza?

Forodhani_Mic

Ninayo ya kaboni, kufuli moja la katikati linalegea likipata mchanga, ukilisafisha linashika. Boti ya Pemba hadi Tanga ikiwepo naituma, la sivyo inapitia Dar. Niandikie inboksi.