Njiwa na cherero nyumba moja Mwanza: pakiti ya dukani, nafaka za sokoni au chakula cha kuku?

Nyegezi Juu
Wakuu, habari za jioni. Njiwa nafuga muda sasa, wako juu ya stoo na hawanisumbui. Jipya ni kwamba shemeji kamletea binti yangu jozi ya cherero (wale kasuku wadogo) kutoka Dar, waliozaliwa kizimbani, na wanakaa sebuleni. Naona njia tatu za kuwalisha wote: pakiti ya mbegu mchanganyiko ya dukani, nafaka za sokoni nichanganye mwenyewe, au chakula cha kuku wa mayai, maana mke wangu ana kuku na mfuko uko ndani tayari. Ningependa kitu kimoja kwa wote nisihangaike. Wenye uzoefu nisaidieni.

Fundi Vizimba, Igoma
Mkuu, kitu kimoja kwa wote hakiwezekani, na sababu iko mdomoni mwa ndege. Kaa karibu na cherero akila. Anachukua punje moja ya uwele, anaigeuza kwa ulimi mpaka ikae kwenye ukingo wa mdomo, ganda linapasuka linadondoka, yeye anameza kiini tu. Njiwa hana muda huo. Anameza punje ya mahindi nzima nzima, inalowa kwenye kile kifuko cha shingoni, halafu firigisi ndiyo inasaga. Kwa hiyo njiwa lazima apate changarawe ndogo. Wako wakishuka chini wanajiokotea, ila ukiwafungia uwawekee. Cherero hana haja nayo, na akila nyingi inaweza kumziba tumbo.

Halafu kuna jambo linaloua ndege wengi wa ndani kimya kimya. Kwa kuwa cherero anabangua, maganda yanabaki kwenye kile kile chombo. Unapita asubuhi unaona kimejaa, kumbe ni makapi matupu na ndege ana njaa. Kila siku pulizia makapi yatoke, ndipo uone kilichobaki. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 50 hivi, hana akiba ya kukaa bila kula.

Mama Zawadi, Kirumba
Nakuunga mkono fundi. Mimi nasimama na nafaka za sokoni, tena bila kusita. Pakiti nyingi zinajazwa alizeti, na cherero akiona alizeti anachagua hiyo hiyo na kuacha mengine. Ananenepa, ini linajaa mafuta. Na hujui pakiti imekaa kwenye kontena na dukani muda gani. Hela ya pakiti moja ndogo unanunua uwele wa kutosha, tena mpya.

Cherero wangu nawapa uwele kwa wingi, mtama mweupe, ulezi kidogo, na alizeti chache za kuwapa mkononi jioni. Lakini mbegu peke yake haitoshi, kaka yangu. Vitamini A ndani yake ni kidogo sana, kwa hiyo kila siku weka mchicha uliooshwa vizuri au karoti ya kukwangua. Kinachobaki toa kabla ya jua kuzama, kisichache.

Njiwa changanya mahindi ya punje ndogo au yaliyovunjwa, mtama, na choroko au kunde kama robo hivi. Wakiwa na makinda usipunguze hizo kunde. Baba na mama wote wawili wanatengeneza maziwa ndani ya kile kifuko cha shingoni na kuwalisha makinda kwa mdomo, nguvu ya kuyatengeneza inatoka kwenye chakula chako.

Madini ya chokaa tunayo bure kwenye ziwa: maganda ya konokono yaliyosagwa. Jike akikosa chokaa yai linakwama, na hapo unaweza kumpoteza.

Buhongwa Boy
Mama Zawadi, heshima yako. Ila mimi njiwa wangu wanakula leyazi mash, hicho chakula cha kuku wa mayai, miaka yote na wanataga. Kwa nini mtu anunue mtama wakati mfuko wa kuku upo?

Mzee wa Mifugo, Pasiansi
Kijana wangu, wanataga kwa sababu nao wanazunguka mitaani wakiokota punje. Kile chakula kimepigiwa hesabu ya kuku anayetaga karibu kila siku, chokaa yake ni nyingi. Njiwa anataga mayai mawili, anaatamia siku 17 hadi 19, ndipo aanze tena. Kinda la njiwa halihitaji chokaa ya kuku wa mayai. Tena ni unga: njiwa ameumbiwa punje, na unga ukipata maji kwa joto la Mwanza unachacha mapema. Kwa cherero usiujaribu kabisa.

Kwenye nafaka za sokoni nina neno moja kwa mama. Zinunue kidogo kidogo. Huku kwetu unyevu ni mwingi, na masika punje zinashika ukungu ndani ya gunia bila kuonekana juu. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haioshwi wala haitoki kwa kuanika. Chota kutoka chini ya gunia, nusa. Ikinuka uvundo, au mahindi yana doa la kijani, ondoka.

Na njiwa wakikaa jirani na kuku wa mama watoto, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kideri, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle. Njiwa naye anaugua na kuambukiza. Ukiona shingo inapinda na kinyesi cha kijani, mtenge siku hiyo hiyo.

Nyegezi Juu
Shikamoo mzee. Nimeelewa, mfuko wa kuku ubaki kwa kuku. Vipi dagaa wa Mwaloni, nisage niwachanganyie? Na parachichi, maana binti anapenda kuwagawia chakula chake.

Mzee wa Mifugo, Pasiansi
Marahaba. Dagaa wengi wanaanikwa mchangani, na wengine wana chumvi, waachie kuku. Cherero akiwa na mayai mpe kipande kidogo cha yai la kuchemsha, kinatosha. Parachichi ni marufuku, ni sumu kwa jamii ya kasuku. Na chokoleti pia. Mwambie binti mapema.

Fundi Vizimba, Igoma
Niongezee: kizimba kisikae karibu na jikoni. Moshi wa mkaa unawamaliza haraka, na kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi kinatoa hewa inayoua ndege ndani ya dakika chache. Wala usikiweke kwenye dirisha la upande wa ziwa, ule upepo haufai. Kizimba kipya cha waya wa mabati kisugue kwa siki na maji kwanza, kwa sababu cherero anatafuna kila kitu na zinki ni sumu kwake. Usiku mfunike, alale kwa muda wa saa 10 hadi 12.

Dogo wa Magu
Wakuu, mbona cherero huku wanapita makundi, watoto wanawatega kwa ulimbo. Anayetaka aseme.

Mama Zawadi, Kirumba
Mwanangu, hapana. Huyu ndege kwao ni hapa, kaskazini mwa Tanzania, na miaka ya 1980 alikamatwa kwa wingi mno kupelekwa nje. Kumtega bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na ulimbo unang'oa manyoya ya bawa. Waambie watoto wawaache, nakuomba kwa moyo wote.

Dogo wa Magu
Nimekusikia mama. Nitaongea nao.

Nyegezi Juu
Jumamosi naenda sokoni kutafuta uwele na choroko. La mwisho ni maji: kopo moja linafaa?

Fundi Vizimba, Igoma
Hapana mkuu. Njiwa anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja bila kuinua kichwa, kwa hiyo kopo lake liwe na kina cha kufunika mdomo wote. Cherero mpe kikombe kidogo kilichofungwa juu, mbali na kijiti anacholalia, asinyee ndani. Vyote vioshwe kila asubuhi kwa brashi, ule utelezi wa pembeni utoke. Mchana joto likikolea wape bakuli pana la maji kidogo waoge, halafu ulitoe.