Amplifaya za valvu tulizojiundia: yako ilikutesa wapi? Tupeane uzoefu

Free_Area_Usiku
Wakuu, jana hapa Nakuru stima imepotea mara tatu. Iliporudi nikawasha amplifaya yangu niliyoiunda juu ya trei ya kuokea keki, valvu (ile taa ya kioo inayokuza sauti) ya EL84 moja kila upande, transfoma za redio ya marehemu babu. Baada ya dakika kumi hivi nazima taa nilale, naona valvu ya kushoto imekuwa nyekundu. Siongelei ule mwanga wa katikati wa kawaida. Lile bati la kijivu lenyewe limeiva kama jiko la makaa! Na inanguruma. Nimeng'oa plagi, naogopa hata kuisogelea. Nani ameshapitia hii? Leteni visa.

Kibuye_Jumapili
Kunguruma ni kapasita za pawa, zile kubwa za kutuliza umeme. Badilisha zote, maneno kwisha.

Mzee_Risasi
Wewe kila kitu ni kapasita. Kijana, sikiliza kwanza ngurumo yenyewe. Ya hezi 50 ni nzito, trekta la miwa linapanda kilima. Hiyo hutoka kwa nyaya za hita, ile inayopasha valvu moto, au ethi iliyofungwa ovyo. Ya 100 ina ukali kidogo, kama nyuki ndani ya debe, na hapo ndipo kapasita za pawa huhusika. Ng'oa ile ECC83, valvu ndogo ya mbele. Ikinyamaza, shida iko huko mbele, pawa uiachie.

Kibuye_Jumapili
Nimetengeneza redio kabla hujazaliwa.

Mzee_Risasi
Na zilikuwa zinanguruma?

Binti_wa_Bondeni
😂😂 Yangu ilinguruma wiki tatu. Nikasokota nyaya za hita, nikafunga rezista mbili za omu 100, moja kila upande wa hita, zikakutana kwa ethi. Ikapungua. Iliyobaki iliisha siku nilipoigeuza transfoma ya spika ikae msalaba na ile ya stima. Zilikuwa zimetazamana kama mashemeji wenye kesi.

Nyalenda_B
Hapo kwa kusokota nyaya, kweli kabisa.

Omwami_wa_Luanda
Hilo neno "imeiva" limenirudisha mbali. Nilikuwa na yangu ya EL34 mbili, miezi minane naiunda, jirani akafiwa na mzee wake, wakaniomba muziki wa kukesha. Saa saba usiku rumba imekolea, jamaa mwenye busaa kichwani anakwaa waya wa spika, unachomoka. Mimi sijaona. Nasikia kimya, nadhani sauti iko chini, nafungua hadi mwisho. Ndugu zangu, wimbo ukaanza kutokea ndani ya transfoma! Sauti nyembamba kama mbu, maneno yote unayasikia. Halafu cheche ya buluu kwenye soketi, TA TA TA, moshi, harufu ya vanishi.

Kina mama wakaanza kulia upya, kwamba mzee hakupenda kelele tangu zamani na sasa amekasirika. Hapo akatokea mtu na ndoo ya maji. Volti 400, na maji! Nilimrukia kabla hajamwaga, tukaangukia matope wote wawili. Kumbe ni mjomba wa marehemu. Asubuhi nikaitwa kwa kikao: nimepigana matangani. Faini kuku mmoja. Transfoma ilikufa, EL34 moja ikaenda nayo.

Binti_wa_Bondeni
Mjomba wa marehemu 😭😭

Kibuye_Jumapili
Disko matanga si ilipigwa marufuku?

Omwami_wa_Luanda
Nani amesema disko? Ni rumba ya taratibu.

Nyalenda_B
Na mjomba mlipatana?

Mzee_Risasi
Turudi kwa kijana jameni. Omwami, funga rezista ya omu 470 wati 5 sambamba na spika, waya ukichomoka transfoma ina pa kutolea nguvu. Wewe wa Free Area, bati jekundu mara nyingi ni kapasita ya kuunganisha, ile inayopitisha sauti kutoka valvu ya mbele, inavujisha volti kwenye gridi, mlango wa sauti wa valvu. Pima mguu wa 2 wa EL84, ndiyo gridi, kwa chesisi, yaani hiyo trei: iwe sifuri. Mguu wa 3, volti saba hivi kama una rezista ya omu 135 na volti 250 kwenye bati. Bati la hiyo valvu linavumilia wati 12 tu.

Kibuye_Jumapili
Si nilisema kapasita?

Mzee_Risasi
Kapasita NYINGINE, mzee wangu.

Nyalenda_B
Kabla ya kuweka mkono, gusanisha miguu ya kapasita kubwa na bisibisi, ilie PAA, iko salama.

Binti_wa_Bondeni
Usimsikize huyo! Bisibisi yangu ina pengo mpaka leo. Acha rezista ya kilo-omu 220 wati 2 ikae hapo daima. Kapasita ya mikrofaradi 47 inaisha kwa dakika moja hivi. Na bado upime na mita, mkono mmoja mfukoni, stima isipitie kifuani.

Nyalenda_B
Mfukoni kuna nini?

Free_Area_Usiku
Nimepima. Mguu wa 2 una volti 5, mguu wa 3 volti 11! Kapasita ni ile ya kahawia ya redio ya babu, nta inaitoka. Nimeweka mpya ya plastiki, mikrofaradi 0.022 ya volti 400. Sasa mguu wa 2 sifuri, wa 3 saba. Nusu saa imewaka, bati limebaki kijivu. Lakini bado inanguruma.

Kibuye_Jumapili
Kapasita za pawa.

Mzee_Risasi
Umeng'oa ECC83 usikie?

Nyalenda_B
Omwami, hujatujibu. Kuku wa faini alikuwa jogoo au tetea?

Omwami_wa_Luanda
Jogoo. Na alikuwa wa mke wangu.