Kolaji ya picha ya bibi na kanga zake, GIMP inanitoa jasho, nianzie wapi?

mtoto_wa_chumbageni
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Nataka kutengeneza kolaji ya A3 niitie kwenye fremu, katikati awe bibi yangu (picha ya zamani ya studio, blakendiwaiti, kavaa gauni jeupe), nyuma yake kanga zake mbili tatu ambazo nimezipiga picha kwa simu, na pembeni vipande vya picha za Tanga ya kale. Nina GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha) kwenye laptopu ya RAM GB 4. Sasa shida ndo hizi, nikifuta bakgraundi kwa raba napata weupe badala ya uwazi, nikimpesti bibi juu ya kanga anabaki na mstari mweupe kuzunguka kichwa kama kakatwa na mkasi butu, na nikimpunguza halafu nikamkuza tena anakuwa ukungu mtupu. Nyie mnafanyaje? Na ni lazima Photoshop?

karakana_ya_picha
Photoshop achana nayo kwanza, ile unailipia mwezi kwa mwezi na hiki unachotaka GIMP inakimaliza bure.

Anza na karatasi yenyewe maana wengi wanairuka. Fungua faili jipya la pikseli 3508 kwa 4961, hiyo ndo A3 kwenye 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi). Ukianzia kwenye kidogo uje ukikuze mwishoni lazima ukungu uje tu, picha yenye upana wa pikseli 1200 kwenye 300 dpi inatoka kama sentimita 10 za karatasi, basi, haina zaidi. Kwa hiyo picha ya bibi kama uliipiga kwa simu, tafuta pa kuiskani, hata dpi 600 si nyingi kwa picha ndogo ya studio. Halafu usipesti, nenda File uchague "Open as Layers", kila picha inaingia na leya yake (tabaka lake, moja juu ya jingine) na hutahangaika na ile leya inayoelea unayoipata ukipesti kwenye GIMP za kabla ya 3.0, inawachanganya wageni wote.

Weupe wa raba ni kwa sababu JPG haina uwazi. Bofya leya kulia, chagua "Add Alpha Channel", itakaa sawa. Ila kusema ukweli mimi raba ya kukatia siishiki kabisa, natumia maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya leya bila kuifuta. Mzungushie bibi kwa zana ya Paths taratibu, nukta nyingi kwenye mabega na nywele, chache kwenye sehemu zilizonyooka, igeuze iwe seleksheni (eneo lililochaguliwa), ipunguze kwa "Shrink" pikseli 1 hadi 2 (hapo ndo mstari mweupe unapokufa, ule ni ukuta wa studio uliong'ang'ania pembeni), ilainishe kwa "Feather" pikseli 1, kisha bofya leya kulia, "Add Layer Mask", chagua "Selection". Kilicho nje kinajificha tu, hakijafutwa. Ukiona umekula sikio chukua brashi nyeupe upake pale, sikio linarudi, nyeusi inaficha, na herufi X inakubadilishia nyeusi na nyeupe bila kuhangaika na menyu. Ila hakikisha umebofya kile kijipicha cha maski pembeni na sio cha picha yenyewe, la sivyo utampaka bibi masizi usoni.

pixel_wa_kariakoo
Mkuu karakana maelezo safi ila kwa mgeni mbona unampa Paths siku ya kwanza 😂 Dada/kaka nenda Photopea, inafungukia kwenye brauza, huinstoli kitu. Ukiburuta picha ukaidondosha kwenye kanvasi inaingia kama smati objekti, maana yake upunguze ukuze utakavyo ubora unabaki wa ile picha ya asili, lile tatizo lako la tatu linaisha hapohapo.

karakana_ya_picha
Sibishi, hiyo ya smati objekti ni kweli. Lakini RAM 4 ni RAM 4 mkuu, brauza yenye tabo kumi na A3 ndani yake itagoma vilevile. Akibaki GIMP adupliketi leya ya bibi, moja aizime alama ya jicho ili isionekane, iwe akiba, ile nyingine ndo aichezee na aipunguze mara moja tu.

bi_sanaa
Mwanangu hao wamekupa ufundi, mimi nakuongezea jicho. Hilo gauni jeupe ni bahati, usiliache hivyohivyo! Weka leya ya kanga juu ya bibi, uifiche yote kwa maski isipokuwa pale penye gauni, halafu modi ya leya uibadilishe kutoka "Normal" kwenda "Multiply". Weupe wa gauni unageuka kanga na vivuli vya mikunjo vinabaki vinaonekana kupitia kwenye maua, utafikiri alienda studio kaivaa. Kwenye gauni jeusi hii haifanyi kazi, kila kitu kinakuwa giza.

Kanga zipige picha upya nje kwenye kivuli, zimetandazwa zimenyooka, simu juu yake wima, bila flashi. Zikitoka zimepinda kuna zana ya "Perspective" ya kuzivuta kona. Na usijaze mji wa kanga (ile sehemu ya katikati) na pindo na jina lake na picha ya stesheni ya reli vyote kwa ukubwa mmoja, chagua kimoja kiwe kikubwa, mimi ningechukua pindo. Angalia na mwanga, kama uso wa bibi umeangaziwa kutoka kushoto na jengo linaangaziwa kulia, ligeuze jengo kwa "Flip" (isipokuwa kama lina maandishi).

Halafu usihangaike kila ukingo ulainike mpaka usionekane. Mtazame Wangechi Mutu, yule mzaliwa wa Nairobi, kolaji zake za vipande vya majarida unaona kabisa ni vipande na ndo utamu wake.

mtoto_wa_chumbageni
Wakuu asanteni sana, mstari umekufa kweli, na bi mkubwa shikamoo, ile ya gauni imemliza mama. Bado swali la mwisho, nikienda stesheneri kuprinti nipeleke nini?

karakana_ya_picha
Kazi yenyewe isevu XCF (faili la GIMP linalotunza leya zote) ubaki nayo, wao wapelekee PNG kwa "Export", kwenye flashi ya USB. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa. Nyekundu ya kanga inayowaka kwenye skrini itapoa kwenye wino, kwa hiyo kata kipande cha uso na gauni kwa saizi ileile, printi kwanza kwenye A4 uone, usipunguze kolaji nzima. Na acha kama sentimita moja pembeni isiwe na kitu cha maana, fremu inameza, hasa kama jina la kanga umelishusha chini kabisa.