Setilaiti ya 1U imeachiwa kutoka ISS (kituo cha kimataifa cha anga), mbona haisikiki?

Anga_Chuo:
Wakuu, tunapanga kituo cha ardhini chuoni na mfano wetu ni PearlAfricaSat-1 ya Uganda na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe, setilaiti za kwanza za nchi hizo. Zote ni 1U, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, za mradi wa BIRDS-5 wa Kyutech, chuo kikuu cha Japani. Ziliruka Novemba 7, 2022 na kuachiwa kutoka Kibo, maabara ya Japani kwenye ISS, Desemba 2. Setilaiti kama hizi tuziwinde vipi? Ikiwa kimya, tushuku nini kwanza?

Solda_Safi:
Shuku antena. Masharti ya Kibo hayaruhusu kuikunjua wala kurusha mawimbi kabla ya dakika 30 tangu setilaiti iachiwe. Kwa hiyo utepe wa antena hufungwa kwa uzi wa nailoni, muda ukifika waya wa nikromu unapata moto na kuukata. Uzi uliokaa miezi umefungwa hulegea na kuachana na waya, na kwenye ombwe hakuna hewa ya kuvusha joto, hivyo haukatiki. Betri ya baridi nayo, ikivutwa mkondo mkubwa, volti zinaporomoka, kompyuta inajizima na kuwaka upya, kipima muda kinarudi sifuri. Wekeni vikata-uzi viwili vinavyojitegemea, programu irudie jaribio yenyewe bila kungoja amri, na mpime ndani ya chemba ya ombwe, nyuzi −20, betri ikiwa nusu. Jaribio la mezani halitoshi kabisa.

Ikweta:
Kabla ya kuitangazia kifo, hakikisheni mnasikiliza mahali sahihi. Bendi ni megahezi 435–438. Kwa 437, Dopla (masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo) husogeza mawimbi kilohezi 10 juu setilaiti ikichomoza na 10 chini ikizama, kwa hiyo kipokezi cha bendi nyembamba kisichofuata mabadiliko hayo kitaikosa. Tumieni Yagi (antena ya kuelekeza) ya vipande saba, kikuza mawimbi kifungwe juu kwenye antena (si chini baada ya mita 20 za kebo, kelele itakuwa imeshaingia), kisha RTL-SDR (kipokezi kidogo cha USB) na Gpredict (programu ya kufuatilia setilaiti). TLE (data ya obiti ya setilaiti) ipakueni kila siku. Zilizoachiwa pamoja huongozana kwa karibu siku za mwanzo na namba zao za orodha huchanganywa. Mkunjo wa Dopla ndio utakaowaambia ipi ni yenu.

Anga_Chuo:
Asanteni sana. Na picha za kamera, tutashusha ngapi kwa pito moja, yaani setilaiti ikipita juu yetu mara moja?

Ikweta:
Pito zuri ni dakika 10. Kwa biti 9600 kwa sekunde mnapata kilobaiti 720 kwenye karatasi. Ondoeni vichwa vya pakiti na zilizopotea, mkibaki na nusu mshukuru. Tena karibu na ikweta mapito ni machache kuliko Japani, kwa sababu obiti ya ISS imeinama nyuzi 51.6. Shusheni kijipicha kwanza, mkiona mawingu matupu msipoteze pito.

Solda_Safi:
Na msirushe mfululizo. Upande mmoja wa 1U wenye seli mbili za jua hutoa takriban wati 2 juani, kirushi chaweza kula 3 au 4, na kila mzunguko wa dakika 92 una kama 35 za giza.