Fiktion haina neno la kazi, maabara ya roboti inasubiri

Kutoka: Mwanaidi, Ujerumani

Shikamooni wakubwa, wenzangu salaam.

Kadi yangu ya ukaazi ya mwanafunzi (16b) iliisha Desemba. Maombi ya kuongeza muda yalipelekwa kabla haijaisha, nikapewa Fiktion, karatasi ya muda ya kusubiria jibu. Sasa maabara ya HRI (mahusiano ya binadamu na roboti) hapa chuoni imenikubali niwe HiWi, yaani mwanafunzi msaidizi, saa 40 kwa mwezi kuanzia tarehe 1 Februari, kusimamia majaribio ya roboti Pepper. Idara ya wafanyakazi imerudisha mkataba. Inadai kwenye Fiktion hakuna palipoandikwa kwamba naruhusiwa kufanya kazi. Ofisi ya wageni haijibu barua pepe, na miadi ya karibu ni wiki sita mbele.

Swali: neno hilo anaandika nani? Na mkataba unaweza kusainiwa sasa ukaanza karatasi ikipatikana, au nafasi inakwenda kwa mwingine?

La pembeni: mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa tatu Dar, uhandisi wa kompyuta, naye roboti ndiyo maradhi yake. Aanzie wapi?

Kutoka: Mhina, Bremen

Dada, fungua Fiktion ndani. Kuna visanduku vitatu. Kama tiki iko kwenye § 81 Abs. 4 (fungu la 4) ya sheria ya ukaazi, kadi yako ya zamani inahesabika iko hai bado, pamoja na masharti yake yote, ya kazi yakiwemo. Kwa hiyo Fiktion usiipeleke peke yake. Peleka na kadi ya zamani pande zote mbili, Zusatzblatt yake (karatasi ya nyongeza yenye masharti), na uthibitisho wa usajili wa muhula huu. Karani anayetafuta neno "kazi" atalikuta kwenye Zusatzblatt. Tiki ikiwa kwenye Abs. 3, hapo mambo ni mengine kabisa, tuambie.

Ila chunga, HiWi itakula zile siku 120 za kazi unazoruhusiwa kwa mwaka.

Kutoka: Zuhura, Stuttgart

Mhina kaka yangu, siku 120 zilishazikwa tangu Machi 2024. Sasa ni siku 140 nzima au 280 nusu. Na HiWi haili hata moja, kwa sababu kazi ya mwanafunzi inayohusiana na chuo haiingizwi kwenye hesabu hiyo. Zinazoingizwa ni za nje: hoteli, bohari, kusambaza vyakula. Nusu siku mwisho wake saa nne za kazi; ukizidisha dakika kumi ni siku nzima. Tusiwapotoshe watoto wa watu kwa habari za miaka ile.

Kuhusu mdogo wako. Asidanganywe na matangazo ya RISE, nafasi za mafunzo za DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi), ile ni ya wanaosoma vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ayalandi. Mlango wake Ujerumani ni § 16e ya sheria ya ukaazi, mafunzo ya vitendo yanayohusiana na masomo. Ni kwa anayesoma chuo nje ya Umoja wa Ulaya, au aliyemaliza shahada ndani ya miaka miwili iliyopita, na mwisho ni miezi sita. Kinachokwamisha si ubalozi, ni maabara yenyewe: lazima itoe mkataba wenye maelezo ya kazi, muda, saa na msimamizi, halafu isaini ahadi ya kubeba gharama zake zikiangukia serikali, hadi miezi sita baada ya mafunzo kwisha. Maprofesa wengi hawaijui ahadi hiyo, na wakiisoma wanaogopa. Kwa hiyo barua ya kwanza kwa profesa iitaje 16e kwa jina na iambatishe rasimu ya mkataba. Ukisema tu "naomba internship" unatupwa.

Kutoka: Singano, Pittsburgh

Kwa upande wa huku, niseme mapema kabla mtu hajaanza kumwaga orodha ya REU (nafasi za utafiti za kiangazi). REU fedha zake ni za NSF, mfuko wa sayansi wa serikali, zinakwenda kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Mtanzania wa F-1 (viza ya masomo) hapati hata akiwa na GPA ya 4.0. RISS, programu ya kiangazi ya roboti ya chuo cha Carnegie Mellon, ndiyo huwa inapokea wa nje. Lakini tangu 1 Januari 2026 Watanzania walio nje hawapewi viza za B (matembezi), F na M (masomo) wala J (kubadilishana), isipokuwa wachache wenye msamaha maalumu. Kwa hiyo DS-2019 (fomu ya kuombea viza ya J) ya mdogo wako itakaa kwenye droo.

Walio ndani tayari: kazi ya maabara ya chuo chako haihitaji CPT (kibali cha mafunzo ya kazi wakati wa masomo), ni saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. CPT ni ya nje ya chuo, baada ya mwaka mmoja wa masomo, na DSO (ofisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni) aiandike kwenye I-20 (hati yako ya mwanafunzi) KABLA ya siku ya kwanza ya kazi. CPT ya muda wote ikifika miezi 12, OPT (kibali cha kazi baada ya masomo) ya ngazi hiyo imekwenda. Na asiyekuwa na sababu nzito asitoke nje ya nchi kipindi hiki.

Kutoka: Mzee Kombo, London

Wajukuu, hamjambo. Nasoma herufi tu, HiWi, CPT, sijui nini. Nauliza mimi: haya yote yanatokea kwa kuwa pasipoti yetu haina nguvu. Uraia pacha tumeuomba miaka na miaka, tumepewa Hadhi Maalumu, unaruhusiwa kuja na kukaa, kura hupigi. Mjerumani tangu 27 Juni 2024 anaruhusu uraia zaidi ya mmoja, sisi kwetu ukichukua wa kwake wa Tanzania umeupoteza. Halafu mnashangaa mtoto anahangaika na karatasi ya kukunjwa mara tatu.

Kutoka: Mhina, Bremen

Shikamoo mzee. Ni kweli, lakini uzi huu ni wa HiWi. Zuhura, ahsante kwa masahihisho, japo ungeweza kuyasema bila kunizika pamoja na hizo siku 120.

Mwanaidi, kama maabara yako inakwenda mkutano wa HRI 2026, Edinburgh, Machi, Uingereza ni viza nyingine kabisa, kadi ya Ujerumani haikuvushi. Ni Standard Visitor (viza ya mgeni), jibu huchukua kama wiki tatu baada ya alama za vidole. Mtego upo hapa: pasipoti inabaki kituo cha viza, na ofisi ya wageni ikikuita ghafla huna cha kuonyesha. Kuna huduma ya kulipia ili ubaki na pasipoti yako, ichukue. Kurudi Ujerumani na Fiktion kunawezekana kwa Abs. 4 tu, ukiwa umeshika na kadi iliyoisha. Kwa Abs. 3 ukitoka umetoka. Wafanyakazi wa ndege kwenye kaunta hawaijui karatasi hiyo, fika mapema, wampigie msimamizi wao.

Kutoka: Kombo mdogo, Kigali

Naona wote mnatazama kaskazini. Kijana wa Dar haombi viza kuja Rwanda. CMU-Africa, tawi la Carnegie Mellon, iko hapa tangu 2011, na mradi wa CSSR4Africa, kwa kushirikiana na chuo cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, unafanya hasa hicho anachopenda: Pepper ajue kusalimu, kuelekeza kwa mkono, kutazama na kusimama umbali unaokubalika kwa Waafrika. Programu na ripoti zake ziko wazi mtandaoni. Azipakue, aziendeshe kwenye kompyuta yake, atafute kasoro, airekebishe na kuituma. Profesa anayepokea barua yenye marekebisho ya msimbo wa programu anajibu. Akitaka mbali kidogo, VSRP (nafasi za utafiti) ya chuo cha KAUST, Saudia, inachukua wanafunzi wa mataifa yote kwa miezi 3 hadi 6, na malazi na posho juu.

Akiendesha Pepper halisi, mambo mawili yatamlia siku. La kwanza, maktaba ya zamani ya NAOqi (programu inayomwendesha Pepper) ni ya Python 2.7. Asijaribu kuiingiza kwenye kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu mpya. Aifungie kwenye kontena la Docker lenye Ubuntu ya zamani, halafu azungumze nayo kupitia ROS (mfumo wa kuunganisha programu za roboti). La pili, maikrofoni za Pepper ziko kichwani, jirani na feni. Sauti inayotoka humo ukiipeleka Whisper (programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi), Kiswahili kinatoka kimechanikachanika. Maikrofoni ya USB juu ya meza, nusu mita kutoka kwa mshiriki, inamaliza tatizo. Na Whisper ikisikia kimya hutunga maneno yake yenyewe, kwa hiyo weka kichujio cha kutambua kama kuna mtu anaongea kwanza.

Sauti ya kujibu: Piper (programu ya kusoma maandishi kwa sauti) ina sauti ya Kiswahili, ila ni ya Kongo.

Kutoka: Zuhura, Stuttgart

Kiswahili cha Kongo mbele ya bibi wa Ngamiani, Tanga! Atamuuliza roboti kashukia stesheni gani.

Kutoka: Mwalimu Hoza, Chumbageni, Tanga

Watoto wetu huko mliko, habari za baridi. Hapa kuna joto la kuchemsha, mbaazi za nazi na mahamri vipo kila asubuhi, na machungwa ya Muheza mliyoyaacha bado yako palepale.

Kwa kuwa mnazungumzia Kiswahili, mbona hakuna anayefikiria kufanya majaribio hapa? STEM Park (bustani ya sayansi ya watoto) ipo mjini, watoto wanaoshika vitu kwa mikono wapo. Nawaambia utaratibu, maana wengi mnakuja na ndege kwanza na barua baadaye. Utafiti shuleni: idhini ya maadili ya chuo chako na ya hapa nchini, halafu barua kwa RAS (Katibu Tawala wa Mkoa), kutoka kwa RAS kwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa afisa elimu, kwa mwalimu mkuu. Ukiruka ngazi moja unarudishwa mwanzo. Mzazi asaini, na mtoto naye aulizwe kwa lugha yake, akikataa basi. Picha za video za watoto zina sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na kuhamishia video kwenye seva za Ulaya ni jambo la kuombewa si la kudhaniwa.

Na chumba kiwe na kiyoyozi. Viungo vya roboti hawa vikipata moto hulegea, mikono inashuka katikati ya maelezo, watoto wanasema amelala.

Kutoka: Singano, Pittsburgh

Mwalimu umesema. Niongeze la hesabu, maana hapo ndipo LBR (ripoti fupi za mkutano wa HRI) nyingi za wanafunzi zinakataliwa. Ukilinganisha roboti wa aina mbili kwa makundi mawili tofauti, kwa tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5), alfa 0.05 na nguvu ya jaribio (uwezo wa kuiona tofauti ikiwepo) ya asilimia 80, unahitaji watu 64 kila kundi. Jumla 128. Kila mshiriki akikutana na roboti wote wawili, 34 wanatosha, ila upishanishe nani anaanza na yupi. Mwanafunzi mwenye miezi mitatu achukue njia ya pili. Dodoso la Godspeed, la kupima watu wanavyomwona roboti, lina vipengele 24. Ukilitafsiri, mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la awali, na uandike hivyo kwenye makala.

Kutoka: Mwanaidi

Ahsanteni sana, Mwalimu shikamoo. Tiki iko kwenye Abs. 4. Nimepeleka karatasi zote kama alivyosema kaka Mhina. Idara ya wafanyakazi imejibu leo: Zusatzblatt ina tarehe ile ile ya kadi iliyoisha, kwa hiyo "haifanyi kazi tena". Wanataka barua ya ofisi ya wageni. Je, msimamizi wa wanafunzi wa kigeni chuoni anaweza kuandika badala yao? Na suala la kusaini sasa kuanza baadaye, kuna anayelijua?

Kutoka: Mzee Kombo, London

Waambie sheria ni yao wenyewe, waisome.

Kutoka: Kombo mdogo, Kigali

Kabla sijasahau, kwa wanaobeba roboti wadogo kwenda Edinburgh: betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa zinakaa kwenye mzigo wa mkononi, si begi la chini. Hadi Wh 100 hakuna neno. 100 hadi 160 uombe shirika la ndege. Juu ya hapo haipandi. Wh ni volti mara Ah: betri ya 11.1 V, 2200 mAh, ni Wh 24.4. Iandike kwa kalamu juu ya betri, funika vichwa vya waya kwa utepe, kila moja mfuko wake.

Kutoka: Mhina, Bremen

Roboti mdogo NAO je, betri yake inafika Wh ngapi? Kuna mtu anaondoka na wawili.