Tupeane uzoefu: bei ya mafuta ilikuhamisha wapi?

Mjenzi wa Chanika: Wakuu, leo kazini watu walikuwa wanasubiri EWURA, wale wasimamizi wa nishati, watangaze bei mpya ya mafuta, roho ikanidunda. Nimekumbuka Agosti 2022, petroli Dar imefika 3,410 kwa lita. Mimi ndiyo nilikuwa nimetoka kupanga Tabata, nimehamia kwangu Chanika, sakafu haijakauka vizuri. Kwenda kazini Posta, katikati ya mji, na kurudi, na ile foleni ya Gongo la Mboto, gari langu la IST lilikuwa linakula lita sita na nusu. Zaidi ya 22,000 kila siku! Nikavumilia miezi mitatu, nikafunga nyumba yangu mwenyewe kwa kufuli, tukarudi kupanga vyumba viwili Buguruni. Mke wangu alilia siku ile. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Pacha: Umenigusa. Sisi tulitoka Bunju.

Fundi Rangi: Mkuu, kwani gari ni lazima? Ungepanda daladala.

Mjenzi wa Chanika: Daladala mbili, natoka saa kumi alfajiri, narudi watoto wamelala. Na nauli nayo ilishapanda mwaka huohuo, ile ya 400 ikawa 500.

Fundi Rangi: Tunaopanda kila siku tunaishi. Msifanye gari kuwa mguu.

Mama Pacha: Fundi, usiseme hivyo. Wewe kazi unaifuata na ndoo yako mtaani. Mwenye watoto wawili wa shule ya mjini afanyeje?

Baba Baraka: Naomba niseme langu, sijawahi kulisimulia. Tulikuwa Msongola. Mke wangu mimba ya miezi tisa, taa ya gari ya kuonyesha mafuta yanaisha inawaka siku ya pili. Ilikuwa Jumatatu. Nikajiambia nisubiri Jumatano, bei mpya ikitoka huenda ikashuka, nitaweka. Saa nane usiku uchungu ukaanza. Bodaboda wa jirani hapokei simu, mvua inanyesha. Nikawasha gari hivyohivyo. Hatukumaliza kilomita tatu, likazima. Giza, tope, mke wangu ameshika dashibodi anaita mama yake. Nimesukuma gari lile peke yangu mpaka nikaanguka. Waliotuokoa ni akina mama wa mchicha, wanapeleka mzigo sokoni Ilala na kirikuu, kile kigari cha mizigo. Walishusha matenga yao barabarani, wakampandisha, mmoja akambeba kichwa mapajani. Mtoto kazaliwa getini kwa hospitali, hata kitanda hajakiona. Yuko hai, ndiye Baraka. Mwezi uleule nilihamia Ukonga, chumba na sebule, hatua chache kutoka hospitali.

Mama Pacha: Mungu ni mwema jamani. Nimetetemeka.

Shangazi wa Mbagala: Wale akina mama uliwatafuta, mwanangu?

Baba Baraka: Niliwatafuta sokoni wiki mbili, shangazi. Nilimpata mmoja. Baraka anamwita bibi.

Fundi Rangi: Kaka, pole sana. Nilichosema juu nakirudisha.

Dereva wa Tegeta: Mjenzi, funga mfumo wa gesi kwenye gari urudi kwako. Kilo ya gesi 1,550, mimi nimesahau petroli.

Mama Pacha: Na foleni ya kujaza gesi je? Mume wangu amewahi kulala kituoni.

Kijana wa Reli: Hamieni Morogoro, treni ya SGR inawaleta mjini chini ya saa mbili.

Dereva wa Tegeta: Kwa 13,000 kwenda na 13,000 kurudi? Piga hesabu, mdogo wangu. Hiyo inazidi petroli ya Mjenzi.

Shangazi wa Mbagala: Mimi nasema usiuze na usipangishe ovyo. Weka ndugu akae, nyumba isiyolala mtu huoza.

Fundi Rangi: Ndugu hatoki tena, shangazi. Bora mpangaji mwenye mkataba.

Mjenzi wa Chanika: Nimesoma zote, asanteni. Baba Baraka, umenifanya nimshukuru Mungu kwa hivi vyumba vya Buguruni. Ila jioni hii jirani wa Chanika kanitumia picha. Mwembe tulioupanda mlangoni umezaa kwa mara ya kwanza, watoto wake ndio wanachuma. Sijamwonyesha mke wangu bado.